Nani Anakesha Mtoto Akilala?



Usiku, nyumba inaponyamaza, akina mama wengi hapa Kilibula huweka kiganja juu ya kifua cha mtoto aliyelala, wapate kujua kama pumzi yake inakwenda vema. Kazi hiyo sasa yaweza kufanywa na chombo. Jijini Nairobi, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, watafiti wamejaribu kifaa kinachowekwa chini ya godoro la mtoto mchanga. Hakimgusi mtoto wala hakimwamshi. Hupokea mitikisiko midogo ya kifua na kuhesabu pumzi mfululizo. Uangalizi wa namna hii wafaa hasa kwa waliozaliwa kabla ya wakati, ambao pumzi yao huweza kusimama kwa sekunde 20 au zaidi.

Twakisifu chombo hicho, na twatamani vya namna yake vifike katika vituo vyetu vya afya. Lakini chombo hutoa hesabu tu. Ni lazima awepo mtu wa kuisoma na kuamka. Tena chahitaji umeme na fundi, na mtoto aliyeshikwa na kichomi usiku wa leo hawezi kungoja.

Kwa hiyo tunasema: tujifunze kuhesabu sisi wenyewe. Mtoto anayekohoa akiwa ametulia au amelala, tuinue nguo kidogo, tutazame kifua kikipanda na kushuka kwa dakika 1 nzima, tukifuata saa ya simu. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ya pumzi za haraka: kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi, tangu miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka 1, 50 au zaidi, tangu mwaka 1 hadi miaka 5, 40 au zaidi. Hesabu ikifika hapo, apelekwe kituo cha afya bila kukawia. Na kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, apelekwe mara moja, hata kama hesabu ni ndogo.

Wengi wetu tuna wadogo nyumbani, na wengi wetu huchelewa kulala, simu mkononi. Katika saa hizo tunazokesha, tumpe mdogo wetu anayekohoa dakika 1.