Damu ya Baba, Damu ya Mama

Katika mashauri ya ndoa yanayoletwa msikitini tumeyasikia mara nyingi maneno haya akielekezewa mke: "Kwetu ugonjwa huu haupo, umekuja nao wewe." Mtoto amegundulika ana sikoseli, na mama anatwishwa lawama; wengine huishia kupewa talaka. Tumeona tueleze ulikotoka ugonjwa huu, kwani habari yake imefungamana na malaria.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya watu 20 katika kila 100 wamebeba asili ya sikoseli. Katika nyanda za juu zenye baridi hakufikia hata mmoja. Kwenye mbu wengi, asili hiyo ilikuwa nyingi. Mwaka 1954 alitangaza hoja yake: inamkinga mtoto na malaria. Tafiti za baadaye za Kilifi zilithibitisha kwamba mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupungukiwa na hatari ya malaria kali, ile ya degedege na kuishiwa damu, kwa takriban sehemu tisa katika kumi. Kimelea hakistawi vyema ndani ya damu yake. Basi wako mababu zetu waliovuka utoto kwa sababu ya kitu hicho hicho ambacho leo twakiita mkosi wa ukoo wa mke. Subhanallah!

Lakini aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa, na hapa pana kosa linaloua. Wapo wanaodhani kuwa mwenye sikoseli hapatwi na malaria. Si kweli. Huyu damu yake ni haba tangu mwanzo, na bandama lake huharibika mapema. Malaria ikimwingia humwangusha kwa kasi kuliko ndugu zake. Kama nyumba ina chandarua kimoja chenye dawa, alale humo yeye. Akipata homa apelekwe hospitali siku ile ile, asingojewe mpaka asubuhi, na dawa za kinga alizoandikiwa na daktari zisikatizwe eti kwa kuwa anaonekana mzima. Hata aliyebeba asili hiyo kwa upande mmoja hakusamehewa chandarua, kwani kinga yake si kamili.

Turudi kwenye lawama. Mtoto hawezi kuugua sikoseli kwa damu ya mama peke yake. Baba naye ametoa sehemu yake, ingawa mwenyewe ni mzima na hajawahi kulazwa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mgonjwa, nusu kuzaa mbebaji, na robo kuzaa asiye na chochote. Watoto watatu wazima si dhamana kwa wa nne. Kuoana binamu ni halali, lakini ikiwa asili hiyo imo katika ukoo, uwezekano wa kukutana wabebaji wawili huongezeka.

Kwa hiyo wanaokuja kuandikisha nikaha tunawashauri wakapime kabla ya mahari kupelekwa, wakati bado wana nafasi ya kushauriana na wazazi wao na daktari. Waende wote wawili. Mabinti wamekuwa wakileta majibu yao peke yao, na jibu la upande mmoja halitoshi.