Moyo wa Mtoto Ushikwe Mkononi

Tabibu wa wilaya ya Nachingwea au Ruangwa, ambaye ndiye wa kwanza kumpokea mtoto mchanga anayetweta na kutoka jasho kila anyonyapo, aghalabu ameujua moyo kwa picha za kitabuni tu, nami naitakidi kuwa elimu hiyo haimtoshi. Na aushike moyo uliohifadhiwa wenye hitilafu, apitishe kidole katika tundu lililo baina ya vyumba viwili vya chini, apate kufahamu kwa yakini mbona sehemu ya damu hurudi mapafuni badala ya kwenda mwilini. Takriban mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo, ilhali Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko mbali, Dar es Salaam. Asiyeitambua hitilafu hiyo ataandikaje rufaa? Wizara ya Afya iwapeleke wakufunzi wenye mioyo hiyo iliyohifadhiwa huko wilayani.