Behewa Dogo Halina Ruhusa ya Kudanganya

Katika fani ya kutengeneza reli ndogo za mezani, hasa zinazoiga reli za Marekani, injini ndiyo inayopewa heshima zote. Mtu atabishana jioni nzima kuhusu umbo la taa ya injini ya Pennsylvania Railroad, kisha nyuma ya injini hiyohiyo atafunga mabehewa ya mizigo aliyoyapata popote, ya mwaka wowote, ya rangi yoyote. Ukimuuliza, majibu anayo tayari. Nimeyasikia mara nyingi, na sikubaliani nayo hata kidogo, kwa sababu yanawanyima watu sehemu tamu kuliko zote katika kazi hii.

"Behewa ni sanduku lenye magurudumu. Yote yanafanana." Hili ndilo jibu la kwanza, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Chukua behewa la sanduku la futi 40, lenye paa na milango ya kusukuma pembeni, ambalo kwa miongo kadhaa lilibeba nafaka, karatasi, samani na karibu kila kitu Marekani. Mwaka 1918, serikali ilipokuwa imezishika reli kwa sababu ya vita, shirika lake lililoitwa USRA liliagiza mabehewa ya mizigo yapatayo 100,000 ya miundo michache iliyokubaliwa. Hata humo, mabehewa ya sanduku yalikuwa ya aina mbili. Moja lilivikwa mbao ndani na nje hadi fremu yake haionekani. La pili liliacha mihimili ya chuma nje, mbao zikiwa upande wa ndani tu. Ukiyatazama, hayafanani hata kwa mbali. Kuanzia 1924 Pennsylvania ikaunda X29, la chuma tupu na fupi kwa kimo, karibu 29,000 kwa idadi. Mwaka 1932 chama cha makampuni ya reli kikatoa muundo wake wa chuma, na mwaka 1937 kikatoa mwingine mrefu zaidi kwa kimo. Mwaka 1947 kiwanda cha Pullman-Standard kikaleta PS-1, lenye mabati ya paa yaliyopigwa mwinuko wenye umbo la tai ya kipepeo, na likaendelea kutengenezwa hadi idadi yake ikapita 100,000. Mfanyakazi wa yadi alizitambua aina hizi bila kusoma maandishi.

Wa pili husema: "Treni ikishaanza kutembea, ukiwa umesimama hatua moja kutoka mezani, nani ataona?" Hapa kuna sehemu ya ukweli. Kishikio cha chuma ambacho mfanyakazi alikikamata akipanda behewa kilikuwa na unene wa milimita 19 hivi. Katika kipimo cha HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87, kinabaki milimita 0.22. Ukikitengeneza kinene maradufu, watu wengi hawatagundua, wala sitamlaumu mtu kwa hilo.

Lakini wanaotumia hoja hii hujificha nyuma ya vitu vidogo kama ribiti, ilhali mambo yanayoonekana wazi ni mengine. X29 lilikuwa na kimo cha ndani cha futi 8 na inchi 7. Mabehewa mengi yaliyojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili yalikuwa na futi 10 na inchi 6. Tofauti hiyo ni inchi 23, na mezani inakuwa karibu milimita 7, kwenye behewa lenye urefu wa sentimita 14 hivi. Hiyo inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Tazama picha yoyote ya treni ya mizigo ya mwishoni mwa miaka ya 1940: mstari wa mapaa unapanda na kushuka, behewa fupi la zamani likiwa limebanwa katikati ya mawili marefu mapya. Treni ndogo yenye mapaa yaliyonyooka kama rula imeshakosea kabla mtazamaji hajafika kwenye ribiti ya kwanza, na mwendo haufichi kosa hilo. Treni inapopita ndipo jicho linalinganisha behewa moja na linalofuata.

"Basi nipake rangi ya kampuni, niandike jina lake ubavuni, yatosha." Viwanda vimeishi kwa hoja hii miaka mingi, vikichukua umbo moja na kuliuza kwa rangi za makampuni ishirini, mengi yao yakiwa hayajawahi kumiliki behewa la namna hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba maandishi ya behewa la Marekani hayakuwa pambo. Herufi za mmiliki na namba yake zilielekeza kwenye kitabu kiitwacho Official Railway Equipment Register, kilichotolewa mara kwa mara na kuorodhesha mabehewa ya kila kampuni kwa mafungu ya namba, pamoja na vipimo vya ndani na upana wa mlango. Karani wa mizigo alikitumia kujua ni behewa gani lingefaa mzigo wake. Ukiandika namba kwenye behewa lako dogo, umetoa kauli inayoweza kukaguliwa. Namba ikisema behewa ni la kimo cha chini na mwili wake ukawa wa kimo cha juu, behewa hilo linajikana lenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa tarehe pia. Breki za aina ya AB zilianza kutakiwa kwenye mabehewa mapya mwaka 1933, na zile za kale za K zikapigwa marufuku katika kubadilishana mabehewa baina ya makampuni mwaka 1953. Mabehewa ya barafu yenye matangazo makubwa ya bia na siagi, yanayopendwa sana kwa rangi zake, yalibanwa na amri ya tume ya biashara ya ICC mwaka 1934. Mistari ya rangi ya kusomwa na mashine ilianza 1967 na kuachwa 1977. Mbao za kutembelea juu ya paa ziliacha kuwekwa kwenye mabehewa mapya ya sanduku kuanzia 1966. Anayeiga mwaka 1950 akaweka behewa lisilo na mbao hizo amemleta mgeni ambaye hajazaliwa.

"Nyaraka zimepotea, hakuna awezaye kujua." Hapana. Michoro na picha za Pullman-Standard zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Illinois. Picha za kiwanda cha ACF ziko katika maktaba ya Mercantile mjini St. Louis. Vitabu vikubwa vya Car Builders' Cyclopedia vilichapisha michoro kwa ajili ya wahandisi, na nakala zake bado zinapatikana. Majira ya baridi ya 1942 na 1943, mpiga picha Jack Delano, akifanya kazi ya serikali, alizunguka yadi za reli za Chicago na kupiga picha za rangi ambazo leo zimo katika Library of Congress, huru kwa kila mtu. Ukizitazama picha zake za yadi ya Proviso, ya kampuni ya Chicago & North Western, utaona kile ambacho kopo la rangi haliwezi kukuambia: ule wekundu wa mabehewa uliodhaniwa kuwa mmoja ni rangi kumi tofauti. Kuna behewa la kahawia lililotoka kupakwa juzi, jirani yake limegeuka karibu jeusi kwa moshi, na jingine limepauka. Delano hakuwa anawahudumia watengenezaji wa reli ndogo. Alikuwa anaonyesha kazi ya watu wakati wa vita, na mabehewa yakaingia kwenye picha kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe.

Wa tano ndiye anayeniumiza. "Hiyo ni shughuli ya wahesabu ribiti. Inaua raha." Mimi naona kinyume chake, na nitaeleza kwa vitu viwili.

Cha kwanza ni vile vishikio. Hapo zamani wafanyakazi wa breki walitembea juu ya mapaa ya treni inayokwenda, usiku na kwenye barafu, wakizungusha magurudumu ya breki kwa mikono, na waliounganisha mabehewa waliingiza mikono katikati ya vyuma viwili vinavyogongana. Vidole vilikatika, na watu wengi walikufa. Lorenzo Coffin, mkulima wa Iowa, alipiga kelele kwa miaka hadi sheria ya usalama ikapitishwa mwaka 1893, ikadai breki za hewa, viungo vinavyojifunga vyenyewe na vishikio. Sheria ya 1910 ikaongeza ngazi, vidato na mbao za juu ya paa. Ngazi iliyo kwenye behewa lako dogo, mahali ilipo, ililipiwa kwa damu. Kuiweka mahali pake ni kukumbuka kwa nini ipo.

Cha pili ni mbao. Kufikia miaka ya 1930 viwanda vilikuwa vimehamia kwenye chuma, kisha ghafla, kuanzia 1942, mabehewa mapya ya makaa na ya wazi yakatoka yakiwa na kuta za mbao kwenye fremu za chuma. Chuma kilihitajika kwa meli na vifaru, na serikali ilikigawa kwa kipimo. Vita vilipokwisha, makampuni mengi yaling'oa mbao zile na kuweka mabati. Kwa hiyo behewa la makaa lenye kuta za mbao katika treni ya 1944 ni vita yenyewe ikipita mbele yako, na behewa hilohilo likiwa na mabati mwaka 1953 ni amani. Kwangu hakuna raha katika fani hii inayozidi kulisoma hilo ubavuni mwa behewa.

Kwa wanaolalamikia gharama nitasema machache. Maarifa ndiyo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote. Anayejua treni ya mahali pake na mwaka wake ilikuwa na nini hununua mabehewa machache yanayofaa na kuyaacha mengi yasiyofaa. Asiyejua hununua yote.

Mwisho ni yule asemaye: "Reli yangu nimeibuni mwenyewe, kwa hiyo sheria hizi hazinihusu." Allen McClelland aliyebuni reli ya Virginian & Ohio alijulikana kwa msimamo wake wa "inatosha", na wengi huunukuu kana kwamba ulikuwa ruhusa ya uzembe. Alichofundisha ni kuchagua kiwango unachoweza kukifikia, kisha kukishika kila mahali. Na reli yake ya kubuni aliifanya iaminike kwa kuiunganisha na nchi ya kweli, ikipokea na kutuma mabehewa nje ya kuta za chumba chake. Hapo ndipo hoja ya reli ya kubuni inapovunjika. Mabehewa ya sanduku yalizurura Marekani nzima. La Pennsylvania au la New York Central lingeweza kukutwa likipakuliwa California, na makampuni hayo mawili yalikuwa na mabehewa mengi mno kiasi kwamba kutoyaona ndiko kungekuwa ajabu. Kampuni uliyoibuni ina haki ya kuyajenga na kuyapaka yake itakavyo. Lakini X29 linaloingia kwenye yadi yako bado ni mali ya Pennsylvania, lina namba kwenye kitabu, na kampuni yako inadaiwa kodi yake kwa kila siku linalokaa hapo.