Aliyekwambia Ukweli Usimchomee Nyumba

Mwezi huu sina mitindo wala umbea wa mastaa. Nakupeleka kwenye magofu, tena mbali, kwenye baridi.

Nilialikwa harusi ya shosti wangu kule Aberdeen, Uskochi. Baada ya sherehe maharusi wakaenda zao fungate, mimi nikabaki natazama dirisha. Nikapanda treni hadi Elgin, mji mdogo wa kaskazini, mwendo wa kama saa moja na nusu. Nilisikia kuna kanisa kuu la kale. Kumbe zimebaki kuta, minara miwili ya mbele na vipande vya nguzo kwenye majani. Paa hakuna, ukiinua macho unakutana na mawingu. Nilipanda ngazi za mnara mmoja nikiwa na mchuchumio. Usinifuatishe!

Kilichonigusa lakini ni kisa chake, maana ni kisa cha mapenzi. Kanisa hili lilianzishwa mwaka 1224, likapendeza hadi likaitwa Taa ya Kaskazini. Sasa kulikuwa na mtoto wa mfalme, Alexander Stewart, maarufu kama Mbwa Mwitu wa Badenoch. Mwaka 1382 alimwoa Euphemia, mwanamke mwenye cheo na ardhi kubwa kule Ross. Ila moyo wake ulikuwa kwa Mairead, aliyezaa naye watoto. Si unajua tena? Kuoa huku, kulala kule.

Askofu wa pale, Alexander Bur, hakunyamaza. Mwaka 1389 Mbwa Mwitu akaamriwa arudi kwa mkewe. Baadaye askofu akamtenga na kanisa. Wanahistoria wanasema wawili hao walikuwa na ugomvi wa ardhi pia, kwa hiyo chuki ilishapikwa siku nyingi.

Jamaa akafura. Juni 17, 1390, akashuka na watu wake wakatia moto mji wa Elgin: kanisa la St Giles, hospitali ya Maison Dieu, nyumba 18 za makasisi, na hilo kanisa kuu. Yaani kosa ni la askofu mmoja, lakini aliyeamka hana pa kulala ni mgonjwa wa hospitali, ambaye hata habari za Mairead hakuwa nazo.

Na alipata nini? Ilibidi aombe msamaha ndipo kanisa limpokee. Ndoa yenyewe ikabatilishwa mwaka 1392, miaka miwili tu baada ya moto. Wenzake walibaki wanajenga upya kwa miaka na miaka.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye jiwe nikajiona mimi. Miezi saba kabla ya safari ile, dada yangu aliniita pembeni akaniambia mchumba wangu ana mke na watoto mkoani. Badala ya kumuuliza mwanaume, nilimgeukia dada. Nikamwita mwenye wivu. Hilo lingesameheka. Lakini mbele ya mama na shangazi nikamwaga siri ya ndoa yake, aliyonieleza usiku mmoja huku analia. Shemeji akaja kusikia. Mchumba naye? Alikuwa na mke kweli, na alishaondoka zamani. Moto wangu ndio uliobaki.

Wanawake wenzangu, na ninyi kaka zetu mnaosoma kwa kujificha, tuambizane ukweli. Anayetuonya kuhusu mapenzi huwa tunamchukia kuliko anayetudanganya. Kasirika, ni haki yako. Nuna hata wiki. Lakini usiguse siri zake, watoto wake wala kazi yake. Hivyo havikukukosea.

Na kama ulishachoma? Elgin wana jibu. Baada ya mageuzi ya dini ya mwaka 1560 kanisa liliachwa, paa lake la risasi likaezuliwa, na mwaka 1711 mnara wa kati ukaanguka siku ya Pasaka. Pakawa jalala. Miaka ya 1820 akapewa ulinzi fundi viatu mmoja, John Shanks. Hakuwa na uwezo wa kurudisha paa. Alichofanya ni kuzoa kifusi, toroli baada ya toroli, maelfu ya toroli, mpaka misingi na makaburi yakaonekana tena.

Jioni ile nilimpigia dada. Nilisema, "Dada, shikamoo. Nilikukosea, na siri yako siwezi kuirudisha." Akanyamaza sana, nikadhani amekata. Kisha akauliza, "Huko baridi, umekula?" Hatujawa kama zamani. Shemeji bado ananijibu kwa mkato, na simlaumu. Kila Jumapili naenda kwao kusaidia kupika. Nazoa kifusi taratibu.

Wewe nani alikwambia ukweli ukamnunia mpaka leo? Mpigie kabla hujafungua ukurasa unaofuata.

Tukutane mwezi ujao.

Mhariri