Herufi za Kiarabu, anwani za intaneti na sisi Waswahili

Mwezi uliopita shangazi yangu aliyeko Maskati alinitumia kiungo kwa simu. Kilianza na xn-- kisha kikafuata kibunda cha herufi na tarakimu zisizosomeka. Nikakifuta mara moja, nikidhani ni kazi ya matapeli. Jioni akapiga: "Mwanangu, mbona hukuangalia duka nililokwambia?" Kumbe ilikuwa anwani halali, iliyoandikwa kwa Kiarabu.

Mfumo wa anwani za intaneti uliundwa kwa herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Anwani ya Kiarabu ikiingia humo hugeuzwa kwanza kuwa fumbo linaloanza na xn--. Programu nzuri humrudishia msomaji herufi zake. Programu ambayo mtengenezaji wake hakujali humwachia fumbo, naye hufanya kama nilivyofanya mimi.

Jambo lenyewe si geni. Mnamo Machi 2010 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, lilikutana Nairobi. Miezi miwili baadaye Misri, Saudia na Imarati zikapata miisho ya anwani kwa herufi za Kiarabu, na Urusi kwa herufi zake. Oman ikafuata.

Lakini kuruhusu herufi kunahitaji masharti. Kafu ya Kiarabu (ك) na ya Kifarsi (ک) katikati ya neno hufanana kabisa, ilhali kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Mwizi akisajili anwani ya benki kwa kafu ya pili, mteja hatatambua. Kwa hiyo wataalamu wakazihesabu herufi kama hizo kuwa pacha, ili moja ikishachukuliwa, ya pili asipewe mtu mwingine.

Masharti mawili yanatugusa sisi wa Pwani. La kwanza ni irabu. Mwongozo wa Kiarabu uliochapishwa mwaka 2010 ulisema fatha, kasra na dhumma zisitumike katika anwani. Mwarabu hahitaji irabu ili asome gazeti lake. Kiswahili bila irabu ni taabu: kaka, kuku na koko zote zinabaki kafu mbili.

La pili ni zito zaidi. Herufi haikubaliwi katika mwisho wa anwani mpaka ithibitike kwamba kuna jamii inayoitumia leo, katika maandishi ya kila siku. Nyaraka za kale hazitoshi.

Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Tenzi zetu kongwe ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha hapa Mombasa gazeti la Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Leo tukiulizwa ushahidi wa matumizi ya sasa, tutaonyesha nini? Barua za babu zilizo sandukuni?

Kuna vijana watakaosema Kiswahili kina herufi za Kilatini, kwa nini tujisumbue? Wana haki. Hata mimi, niliyesoma chuoni, nasoma khati ile polepole. Lakini masharti haya huandikwa na wanaojitokeza, na asiyekuwapo huamuliwa na wengine.

Naona mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Vyuo na misikiti yetu ianze kuandika matangazo ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hata mara moja kwa wiki, kwa simu na kompyuta, si kwa mkono pekee. Huo ndio ushahidi unaotakiwa. Na kaunti zetu zinaponunua mifumo ya kompyuta, ziweke sharti katika zabuni kwamba mfumo ukubali anwani na barua pepe za herufi yoyote. Jamaa zetu na wateja wetu wengi wako Ghuba, na mfanyabiashara wa Lamu au Mombasa hapaswi kukataliwa fomu kwa sababu mwenzake wa Maskati ameandika anwani yake kwa Kiarabu.

Kiungo cha shangazi nimekifungua baadaye. Duka ni la binti yake.