Pikipiki Haipinduliwi Kama Baisikeli

Neno "boda-boda" halikutoka Nairobi wala ng'ambo. Lilizaliwa mpakani, pale Busia, katika miaka ya 1960 na 1970. Kati ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili, na msafiri aliyeshuka upande huu na mizigo yake ilimpasa kuukata kwa miguu. Vijana wenye baisikeli wakawa wakiwabeba watu kutoka boda hadi boda, na jina likawaganda. Kazi hiyo ikaenea hadi Malaba, ikaingia Uganda yote, ikarudi Kenya. Baadaye pikipiki ikaja kuchukua kazi ya baisikeli, hasa baada ya mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo. Ilichukua kazi, ikachukua na jina. Hayo si mabaya. Lakini imerithi pia kitu cha tatu ambacho haikupaswa kukirithi, nacho ni namna yetu ya kutengeneza baisikeli nyumbani.

Kila mtu ajua baisikeli hutengenezwaje. Huipindua chini ya mwembe, ikasimama kwa kiti na usukani, magurudumu yakawa juu, ukafanya kazi yako. Baisikeli ya chuma ya kubebea mizigo ina uzito wa kilo 20 hivi. Hata mtoto wa shule aweza kuipindua, nayo ikianguka itakuchubua goti tu.

Sasa tazama pikipiki zinazobeba mizigo yetu, zile za injini ya cc 100 hadi 150. Nyingi zina uzito wa kadiri ya kilo 110 hadi 125 kabla hujapakia kitu. Gunia la mahindi la kilo 90 walijua, na wajua kwamba watu wawili huliinua kwa kuhesabu pamoja. Pikipiki ni nzito kuliko gunia hilo, tena gunia halina ekzosi ya moto, halina petroli, halina cheni yenye kukata vidole. Hata hivyo, ukipita siku ya mapumziko katika njia ya Busia kwenda Malaba, kupitia Alupe na Adungosi, utaona katika miji ya watu pikipiki imelazwa ubavu majanini kama ng'ombe mgonjwa. Kwingine imeegemezwa mtini. Kwingine injini imekalishwa juu ya matofali mawili, na mtoto wa miaka 10 ameitwa ashike usukani huku baba yake amelala chini akitafuta nati.

Mimi naona jambo hili ni la hatari kuliko tunavyolidhania, na naona dawa yake ni rahisi. Kila nyumba ya skimu yenye pikipiki yafaa iwe na mahali pamoja palipotengenezwa kwa kazi ya kuiinua, na vifaa vyake vikae hapo hapo. Hayo yatangulie mapambo yote. Nimeona pikipiki zenye redio, taa za rangi na mwavuli, lakini ukiinama kutazama chini, stendi ya katikati imekwisha kung'olewa.

Stendi hiyo ya miguu miwili ndiyo jeki uliyopewa na mtengenezaji. Kuna vijana wanaoiondoa kwa sababu pikipiki ikipakiwa kupita kiasi hushuka, na stendi hukwaruza mawe ya njiani. Huko ni kuitibu ndui kwa kukata mkono. Likwaruzalo ni la mzigo, na dawa yake ni kupunguza mzigo. Kwa hiyo ukienda kununua pikipiki kuukuu, usianze na rangi wala sauti ya injini. Inama kwanza chini. Tazama kama stendi ipo, kama springi yake yavuta sawasawa, kama bolti yake haijalika, na kama miguu yote miwili ina urefu mmoja. Ikiwa haipo, idai kabla ya kutoa fedha, au mwambie muuzaji apunguze bei uende kuitia nyingine.

Kuipandisha pikipiki juu ya stendi si kazi ya mabavu. Stendi ni kama mtaimbo. Mtu ang'oaye jiwe shambani kwa mtaimbo hainui jiwe kwa mgongo wake. Huweka uzito wake juu ya chuma, na chuma ndicho kiinuacho. Fanya vivyo hivyo. Zima injini. Simama upande wa kushoto wa pikipiki, mkono wa kushoto ukishika usukani, ambao uwe umenyooka, na wa kulia ukishika keria au chuma kilicho chini ya kiti. Kwa mguu wa kulia shusha stendi mpaka miguu yake yote miwili iguse chini. Utaisikia pikipiki mkononi inasimama wima, haiinami huku wala kule. Hapo ndipo uukanyage ulimi wa stendi kwa uzito wako wote, huku mkono wa kulia ukiiongoza pikipiki juu na nyuma. Ukijiona wavuta kwa mikono na kukunja uso, ujue miguu ya stendi haikugusa chini sawasawa, au ardhi ni laini. Acha, anza tena.

Kwa mama au mzee ambaye pikipiki imemshinda, kuna hila moja nzuri. Kwanza isukume mpaka gurudumu la nyuma lipande juu ya kibao chembamba, unene wa nusu inchi au zaidi kidogo, huku stendi ikikanyaga ardhi yenyewe. Sehemu ya safari ya kwenda juu itakuwa imekwisha kufanywa na kibao. Pikipiki ikishasimama, kitoe kibao.

Ardhi nayo ni nusu ya kazi. Ninyi wa skimu ya Bunyala, katika udongo mweusi wa mpunga, mwajua kwamba stendi iliyosimama vema asubuhi huzama mguu mmoja jioni. Penye mchanga vile vile huzama. Penye mteremko ni mbaya zaidi, maana stendi hukunjika pikipiki ikisogea mbele. Chagua mahali palipo sawa, chini ya paa kama yawezekana, ushindilie mawe madogo, kisha umwage saruji kidogo, mita mbili na nusu kwa moja na nusu. Asiye na saruji aweke ubao mpana wa unene wa inchi 2, ambao stendi na gurudumu vyote vitakaa juu yake. Mahali hapo pawe mbali na jiko, na tena mbali na njia ya watoto na kuku.

Nimesema jiko kwa makusudi. Pikipiki inapolazwa ubavu, petroli huweza kuvuja kwenye kifuniko cha tangi na kwenye kabureta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, bali hutambaa chini kama maji, nao waweza kuufuata mlango mpaka mafigani ambako mama apika ugali, hali mwenye pikipiki yuko nje hana habari. Betri ya maji nayo ikilazwa humwaga asidi. Kwa hiyo kuilaza pikipiki chini kusihesabiwe kabisa kuwa njia ya matengenezo, hata kama baba zetu walizilaza baisikeli zao miaka 40 bila kudhurika.

Pikipiki iliyo juu ya stendi yaweza kuanguka bado. Huanguka hasa mtu anapolegeza nati ya gurudumu la nyuma kwa spana ndefu, akasukuma kwa nguvu kuelekea mbele. Stendi ikakunjika, na chombo kikamjia. Ili kuzuia hayo, kata kipande cha tyubu kuukuu, ukaze nacho breki ya mkono ya mbele mpaka gurudumu la mbele lisigeuke. Kisha funga kamba imara kutoka kwenye stendi hadi kwenye gurudumu la mbele, ili stendi isiweze kurudi nyuma. Nati ngumu zote zilegezwe kidogo kabla ya kuinua, pikipiki ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yake. Mafundi wazuri hufanya hivyo daima.

Ukitaka kutoa gurudumu la mbele, stendi peke yake haitoshi. Hapo tafuta kipande cha gogo la mkaratusi, mti ambao haukosekani kwetu. Pikipiki ikiwa juu ya stendi, mtu mzima akandamize keria mpaka gurudumu la mbele litoke chini upana wa kidole, nawe upime nafasi iliyo kati ya ardhi na vyuma vya fremu vipitavyo chini ya injini. Kata gogo kwa kipimo hicho, pande zote ziwe bapa, na upana wake uwe wa kutosha lisipinduke. Gogo likae chini ya fremu. Kama pikipiki yako haina chuma cha fremu chini ya injini, weka ubao bapa juu ya gogo, ukae mahali pa injini palipo pana na imara. Usiliweke chini ya bomba la ekzosi wala chini ya skrubu ya kumwagia oili, maana vitu hivyo haviwezi kubeba uzito huo. Kamba ya stendi sasa uifunge kwenye fremu. Matofali yetu ya udongo ni mema kwa nyumba, lakini chini ya injini hupasuka bila kutoa habari.

Jambo la cheni sitalipita. Pikipiki ikiwa juu, gurudumu la nyuma hewani, wengi hutia gia, huwasha injini, kisha huishikia cheni kitambaa chenye oili ili izunguke na kujipaka yenyewe. Kitambaa hushikwa na meno ya sproketi, na vidole hukifuata. Hakuna cheni iliyo chafu hata ikastahili kidole cha mtu. Injini izimwe, funguo iwe mfukoni, gia iwe huru, na gurudumu lizungushwe kwa mkono polepole, ukiishika tairi. Tena, wakati wa kupima ulegevu wa cheni, ambao kwa pikipiki nyingi ni milimita 20 hadi 30, fuata kitabu cha pikipiki yako, maana vitabu vingine huagiza ipimwe magurudumu yakiwa chini.

Nasikia tayari jibu la wengine: "Fundi yuko sokoni, kwa nini nijisumbue?" Fundi yuko, na kazi za ndani ya injini ni zake. Lakini kukaza cheni, kubadili oili, kuziba pancha na kukaza breki ni kazi zinazokuja kila mara, hasa katika mvua za masika ambapo matope hula cheni na beringi. Mkulima wa Lugari mwenye maziwa ya kupeleka asubuhi hawezi kungoja mpaka sokoni pafunguliwe. Wala usidhani fundi wa kando ya barabara ana kifaa bora kuliko gogo lako. Pale Malaba waweza kumwona fundi anafanya kazi hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori, pikipiki imeinuliwa kwa jiwe, ardhi yateremka kuelekea lami. Mwenye kazi ya namna hiyo mwombe aihamishe mahali pa sawa, nawe usione haya kumwambia, kwa kuwa pikipiki ni yako.

Lawama nyingine naiweka juu ya wauzaji. Mkulima anunuapo pikipiki huonyeshwa namna ya kuiwasha, na huonyeshwa kwa uangalifu mkubwa namna ya kulipa deni lake kila wiki. Ni wachache wanaoonyeshwa namna ya kuipandisha juu ya stendi. Na sisi tulio katika kazi ya mashauri ya kilimo hatujafanya vema zaidi. Twafundisha kushika plau, kupima mbolea na kunyunyiza dawa, lakini chombo kinachobeba mbolea hiyo hakina mwalimu. Naona kila kamati ya skimu yafaa iombe saa moja katika siku ya wakulima ili fundi mmoja aje na pikipiki na gogo, na kila mtu, wanawake kwa wanaume, aipandishe na kuishusha kwa mkono wake mwenyewe. Kikundi chenye akiba chaweza pia kumpa mchomeleaji kazi ya kutengeneza stendi ya chuma ya kuinulia gurudumu la nyuma, ikakaa kwa katibu, ikaazimwa kama vile pampu ya dawa inavyoazimwa.

Kuna neno moja ambalo fundi huyo asiache kulisema. Pikipiki ikianza kuanguka, iache ianguke. Usiidake, usiweke mguu chini yake, usimwite mtu aje kuizuia, ruka upande. Kioo kikivunjika kitanunuliwa. Na kwa sababu hiyo hiyo mtoto asiitwe kushika usukani, maana mtoto akiona mali ya baba yaanguka atajaribu kuiokoa.

Kazi ikiisha, kusanya spana zote, toa gogo, fungua kamba na tyubu. Teremsha kwanza stendi ya upande, ili iwe tayari. Simama tena upande wa kushoto, shika usukani na keria, uisukume pikipiki mbele taratibu mpaka itoke juu ya stendi ya katikati, kisha ushike breki ya mbele mara moja isije ikakukimbia. Jaribu breki zote mbili hapo hapo uani kabla ya kupanda, na utazame chini kama kuna tone la petroli au la oili.