Msiuanze Muhula kwa Kupiga Magoti

Ndugu wanafunzi wangu wa Kiswahili, hasa ninyi mnaosomea hisabati katika vyuo vikuu vyetu hapa Uganda: muhula mpya umewadia, ratiba mmekwisha kuzipata, nami najua kitakachowapata katika mhadhara wa kwanza. Mhadhiri ataingia, atazitazama safu za viti, kisha atatangaza kwamba nusu yenu hamtafaulu. Baadhi yenu mtacheka. Wengi mtaamini.

Desturi hiyo naipinga, wala sioni haya kuipinga ingawa mimi ni mwalimu wa lugha. Wanaoitetea husema hofu humwamsha mvivu. Huenda humwamsha, lakini humfunga mdomo mwenye bidii, naye ndiye aliyekuja na swali. Wiki ya pili haulizi tena. Wiki ya tano ananakili ubao mzima, herufi kwa herufi, kama karani anayenakili hati ya lugha asiyoijua, na usiku wa kuamkia mtihani anakariri. Akifaulu, amefaulu nini?

Katika hisabati cheo hakina nguvu. Kanuni haiwi kweli kwa sababu profesa ameiandika. Huwa kweli kwa uthibitisho wake, na uthibitisho huo aweza kuukagua hata kijana wa mwaka wa kwanza aliyeketi nyuma kabisa. Raia waliozoea kudai sababu namna hiyo ni vigumu kuwatawala kwa amri tupu. Lakini anayemeza kanuni leo bila kuuliza, kesho ataimeza bajeti ya wilaya yake bila kuuliza kwa nini fedha za barabara hazilingani na barabara anayoiona.

Mtanijibu kuwa kikwazo ni lugha: Kiingereza cha mhadhara ni kizito, na Kiswahili hakina maneno. Hilo la pili si kweli. Namba zinazogawanyika kwa mbili huitwa shufwa, zisizogawanyika huitwa witiri. Namba kama 7 na 13 huitwa namba tasa, kwa neno lile lile aitwalo mtu asiyezaa (ni neno kali, nakiri, ila halisahauliki). Jirani zetu wa Tanzania wamefundisha hisabati ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960.

Jaribuni wenyewe leo jioni. Chukueni maharagwe, mweke punje moja mezani. Ongezeni tatu: moja ubavuni, moja juu, moja kwenye kona, mmepata mraba wa mbili kwa mbili. Ongezeni tano, mpate tatu kwa tatu. Kutoka hapo kwenda nne kwa nne mtahitaji punje tatu ubavuni, tatu juu, na moja ya kona: saba, yaani witiri inayofuata. Na kila mraba hukua kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana 1 + 3 + 5 + 7 ni 16, na ndiyo maana jumla ya namba witiri 100 za mwanzo ni 10,000, pasipo mtu kujichosha kuzijumlisha. Sikuhitaji Kiingereza kuwaeleza hayo, wala sikuhitaji kuwatisha.

Julai 2022 Baraza letu la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, nasi bado twakitumia kusalimiana. Mkikutana kufanya mazoezi ya hisabati, jadilianeni kwa Kiswahili, na mkikwama, kwa Kiganda au Kinyankole. Mtihani mtauandika kwa Kiingereza, sawa. Lakini hoja lazima kwanza ieleweke, na haijali imeeleweka kwa lugha gani.

Na mhadhiri akiandika kanuni ya kwanza, kisha akaiendea ya pili bila maelezo, inueni mkono. Semeni kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, hatujaona ni kwa nini." Akikasirika, ulizeni tena wiki ijayo, mkiwa watatu.